MKAMA NDUME HAKUOMBA KURA. WEWE MHESHIMIWA JE?

Na Mwandishi Wetu, Pujini

WEWE kijana uliyekaa maskani Michenzani, na wewe uliyesimama nyuma ya meza ya duka Kariakoo, Dar es Salaam, unapima vitambaa huku roho iko Pemba: habari hii inakuhusu. Isome, kisha mpe wa pembeni yako.

Hapa Pujini, mwendo mfupi kutoka Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15. Kila mtoto wa hapa analijua jina la mwenyewe: Mkama Ndume. Maana ya jina iko wazi, alikuwa akiwakama wanaume kama ng'ombe. Wazee wanasimulia kwamba mawe ya kujengea boma lake yalibebwa na watu waliolazimishwa kujiburura kwa makalio, hakuna kusimama, mpaka jiwe lifike. Na kisima chake, ambacho wageni huja kukitazama, kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wakienda kuteka maji wasionane. Mtu aliyeweza kuwagawa watu ndani ya kisima kimoja, huyo si wa mchezo!

Mkama Ndume hakupanda jukwaani. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, kiti kakipataje, na ana mpango gani na wanaobeba mawe. Ukiuliza unaongezewa jiwe.

Sasa nauliza mimi. Zaidi ya miaka 500 imepita. Tuna Baraza la Wawakilishi tangu 1980. Hivi sisi tunamuuliza nini mtu anayekuja kutuomba tumpeleke Chukwani akakae kwa jina letu? Tunamuuliza jezi. Tunamuuliza mpira. Akimaliza kugawa tunampigia makofi, tunapanda gari lake mpaka Chake, na miaka mitano tunamtazama akipita na vioo vimefungwa.

MWAKILISHI ALIYEKUJA NA HOJA

Nitakupeni mfano wa mtu wa kweli, maana hii si hadithi ya Mkama Ndume.

Marehemu Abubakar Khamis Bakary hakuwa Mwakilishi wetu wa Pujini. Alikuwa wa kaskazini, wilaya ya Wete, jimbo la Mgogoni, kwa tiketi ya CUF. Taaluma yake ilikuwa sheria. Akawa Kiongozi wa Upinzani Barazani katika miaka ambayo kuwa mpinzani Zanzibar kulikuwa ni kutukanwa asubuhi na kuzomewa jioni. CCM ilikuwa na wingi. Mtu kama huyo angeweza kabisa kukaa kimya, akachukua posho yake, akarudi Wete na kusema: "Jamani, wametuzidi, nifanye nini?" Wangapi wameyasema hayo?

Yeye alifanya nini? Novemba 5, 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, wakashikana mikono. Watu wakashangilia, lakini mkono ulioshikwa si sheria. Januari 2010 Abubakar alisimama Barazani na HOJA BINAFSI, kwamba wananchi waulizwe kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baraza lile lile lenye wingi wa CCM likaipitisha. Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura, asilimia 66.4 wakasema NDIYO. Katiba ikarekebishwa, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita bila ya mabomu ya machozi kuvinjari mitaani kwetu. Yeye mwenyewe akawa Waziri wa Sheria na Katiba.

Hoja ile haikugawa fulana hata moja! Lakini mama yako alilala usingizi usiku wa uchaguzi wa 2010. Muulize usiku wa uchaguzi wa 2000 alilala wapi.

Na kama unadhani amani haileti ugali, haya, tuingie kwenye karafuu. Miaka nenda miaka rudi shirika la serikali, ZSTC, ndilo mnunuzi pekee, na mkulima wa Pemba alipewa bei ya kutupiwa. Ndiyo maana magunia yalikuwa yakivuka usiku kwenda Mombasa. Ilipoingia Serikali ya Umoja, Wizara ya Biashara ilikuwa kwa Nassor Ahmed Mazrui wa CUF, na mwaka 2011 serikali ikaamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Sisemi waziri mmoja alishusha mvua. Soko la dunia lenyewe lilikuwa limepanda. Ila nauliza: soko liliwahi kupanda huko nyuma, mbona faida yake haikufika chini ya mkarafuu? Msimu ule watu walijenga. Nyumba za matofali na bati jipya zilizoibuka mashamba, nyingine ni za karafuu zile. Kijana aliyepanda mkarafuu kwa kamba na mama aliyekaa jamvini akichambua makonyo, wote walijua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Kwa hiyo anayekuambia "tuachane na siasa, tulete maendeleo" mwangalie vizuri usoni. Bei ya karafuu ni siasa. Nani anapewa kitambulisho ni siasa. Kwa sheha nani atapata barua na nani ataambiwa arudi kesho mpaka uchaguzi upite, hiyo ni siasa tupu.

KITI KINAVYOCHEZEWA

Tuje kwenye swali la pili, la kiti kinavyopatikana. Hapa pana uchungu, na vijana wengi waliozaliwa baada ya vyama vingi hawakuhadithiwa.

Mwaka 1995 Pemba ilikuwa na majimbo 21. CUF ilichukua yote, MOJA HALIKUBAKI. Zanzibar nzima CCM ikapata viti 26, CUF 24. Urais ukatangazwa Salmin Amour kura 165,271, Maalim Seif 163,706. Tofauti ni 1,565! Na Barazani, ambako tofauti ilikuwa viti viwili, Katiba ya wakati ule iliongeza wateuliwa 10 wa Rais na wakuu wa mikoa watano, ambao nao huteuliwa na Rais huyo huyo. Kwa hesabu hiyo, mpiga kura wa Pujini anapanga foleni alfajiri kumpeleka mtu mmoja, na kalamu moja Ikulu inapeleka 15 kabla ya chai.

Wawakilishi wetu wakasusa Baraza mpaka muafaka wa Juni 1999. Ukaja uchaguzi wa 2000, ukavurugika, ukarudiwa katika majimbo 16, ukasusiwa. Januari 27, 2001 damu ikamwagika Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Viti vikawa vitupu tena. Uchaguzi mdogo ulifanywa Mei 18, 2003, na katika majimbo sita wagombea wa CUF walienguliwa kabla ya siku yenyewe. Huko ndiko zilikopigwa zile kura ambazo Pemba nzima inazijua kwa jina la kura za maruhani: karatasi iliyoharibiwa kwa makusudi na mtu mwenye akili zake timamu. CCM ikaondoka na viti sita. Pepo hawana mwakilishi Barazani.

Halafu 2005 zikaja hesabu mpya za mipaka. Pemba kutoka majimbo 21 mpaka 18, Unguja kutoka 29 mpaka 32. Watatu wetu walikwenda wapi? Hawakushindwa na mtu. Walifutwa kwa rula na penseli.

Na 2015, mwaka ambao sitaki kuuandika sana maana kila nikiuandika mkono unatetemeka! Oktoba 28 mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akatokea kwenye televisheni kufuta uchaguzi wote. Wapo Wawakilishi waliokwisha kutangazwa na kukabidhiwa vyeti vyao vya ushindi. Katika sababu zake Pemba ilitajwa, kwamba kura zilizidi waliojiandikisha. Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF ikasusa, na viti vya Pemba vikakaliwa na watu ambao Pemba haikuwapeleka.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Mimi sina ugomvi na mtu kwa kuwa ni wa CCM. Wapo watu wa CCM wenye heshima zao, na ile hoja ya 2010 isingepita bila ya wao. Ninalosema ni kwamba mtu aliyeingia bila ya kukuhitaji, hakuogopi. Mwakilishi wa namna hiyo ukimsikiliza Barazani utamjua kwa sentensi moja: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Bajeti ya kilimo, asilimia mia. Bajeti ya afya, asilimia mia. Ungeletwa mswada wa kuihamisha Pemba yote baharini, Mheshimiwa angeunga mkono, kisha akashukuru kwa kupewa nafasi. Kwa nini asifanye hivyo? Aliyempa kiti si wewe.

NA SISI WENYEWE TUAMBIANE

Sasa msifurahi sana. Liko letu.

Pemba ilipokuwa inapiga kura kwa uhuru wake, upinzani ulikuwa ukishinda kila jimbo, 1995, 2005, 2010. Lakini ushindi wa namna ile una ugonjwa wake. Mgombea akishapita katika chama, amepita. Jimboni hakuna wa kumtisha. Nilimshuhudia mheshimiwa mmoja wa upande wetu, jina nalihifadhi, akiulizwa na kijana kwenye barza: "Mheshimiwa, toka umeingia umepeleka hoja gani?" Akacheka, akamgeukia mzee aliyekaa pembeni: "Mtoto wa nani huyu? Katumwa!" Wazee wakacheka naye. Kijana akanyamaza. Nami pia nilinyamaza, na mpaka leo naona haya.

Yule kijana hakutumwa. Alikuwa na haki ya kujibiwa, tena kwa siku na tarehe. Mwakilishi ana njia zake Barazani: ana maswali kwa mawaziri, ana kamati, ana hoja binafsi, na yote yanaandikwa katika kumbukumbu rasmi za Baraza. Haiwezekani mtu akae miaka mitano na asiwe na karatasi moja ya kutuonyesha. Bendera ya chama unayoipenda haijibu maswali ya karafuu.

Na Abubakar mwenyewe, niliyemsifu, tusimfanye malaika. Umoja ule wa 2010 alioupigania ulijengwa juu ya Tume ambayo mwenyekiti wake angeweza kusimama peke yake na kufuta kura za watu wote, na miaka mitano baadaye alisimama akafuta. Lile tundu halikuzibwa, na Wizara ya Katiba ilikuwa mikononi mwake. Hili linasemwa kwa heshima, marehemu hawezi kujibu. Oktoba 2020 alirudi kugombea, safari hii kwa ACT-Wazalendo jimbo la Pandani, katika uchaguzi ambao upinzani Pemba uliambulia viti vichache tu. Yeye alishinda. Mwezi uliofuata, Novemba, akafariki dunia. Machi 2021 watu wa Pandani walirudi kwenye masanduku, wakakirudisha kiti kwa chama kile kile. Yaani kwa mambo yote yaliyopita kuanzia 1995, bado walitoka majumbani kwao wakapanga foleni kwa ajili ya kiti kimoja.

Wewe uliyeko Kariakoo najua unachosema. Unasema daftari halikutambui. Ni kweli, kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ya Zanzibar imemtaka mtu awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo, na kijana wa Pemba anayetafuta riziki bara hana miezi 36 ya kukaa kitako popote. Anatuma fedha za bati, anatuma ada za skuli, analipia mazishi, lakini kura hana. Basi hilo liwe swali la kwanza kwa atakayekuja Pujini kuomba, kabla hajashusha jezi garini: Mheshimiwa, utapeleka hoja ya miezi 36 au huipeleki? Na yale majimbo matatu yaliyofutwa 2005, utayadai kwa karatasi au kwa ngonjera? Na mkulima atakuwa na mnunuzi mmoja wa karafuu mpaka lini?

Akisema atalifanyia kazi, mwulize mwezi gani. Akisema umetumwa, mwambie ndiyo, nimetumwa na kaka yangu aliyeko Kariakoo, na namba yake ya simu hii hapa, mpigie umjibu mwenyewe.