BEI YA KARAFUU ISIYO NA SIKU SI BEI



Kahawa ina soko lake New York na kakao London. Bei hutangazwa kila siku, na kila mwenye macho huisoma. Karafuu haina soko la namna hiyo. Bei yake imo katika mikataba ya wauzaji na wanunuzi. Aijuaye ni mwenye mkataba. Mkulima wa Pemba huambiwa tu.

Mwaka 1937, chini ya Mwingereza, usafirishaji wa karafuu ulitiwa mkononi mwa chama kimoja. Bendera zimebadilika, mnunuzi ni mmoja vile vile.

Serikali imekuwa ikitangaza kwamba mkulima hupata asilimia 80 ya bei ya dunia. Sisi twauliza: bei ipi? Ya siku gani? Ya daraja gani? Ya karafuu iliyo bandarini kwetu, au iliyokwisha fika ng'ambo pamoja na nauli na bima? Asilimia 80 ya kisichojulikana nayo haijulikani.

Surat al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Na kuficha bei ni kupunja kabla mizani haijainuliwa.

Hatuombi fadhila. Twataka kila wiki ya msimu ibandikwe katika kila kituo cha kununulia karafuu: tarehe, daraja, bandari, bei kwa dola na kwa shilingi, na wastani wa mwezi uliopita, ili bei ya siku moja isitupumbaze.

Nawe mkulima, kila uuzapo andika siku, kilo na fedha ulizopokea. Daftari ni shahidi asiyehongeka.

Wabillahi tawfiq.