Kinyozi hajinyoi, hata katika Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la watahini lililokuwa likimhoji mwanafunzi wa uzamili kuhusu tasnifu yake. Kijana huyo alikuwa amefanya utafiti mzuri juu ya ufundishaji wa kusoma katika shule za msingi. Aligundua kwamba walimu waliopata mafunzo maalumu, na hao tu, ndio waliobadilisha mbinu zao darasani. Lakini sentensi ya Kiingereza iliyobeba matokeo hayo ilikuwa na koma mbili, moja kabla ya kishazi kirejeshi na nyingine baada yake. Katika Kiingereza, koma hizo humaanisha kwamba walimu wote walipata mafunzo, na wote wakabadilika. Mtahini mmoja akamuuliza ni lipi kati ya hayo mawili alilotaka kusema. Kijana aliinamia karatasi zake kwa muda, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Daktari, koma hizo si zangu."

Naam, hazikuwa zake. Ilibainika kwamba alikuwa amemlipa mtu amnyooshee lugha. Kazi iliporudi ikionekana safi, aliipeleka kupigwa chapa bila kuuliza neno. Tasnifu ilirudishwa ikarekebishwe, na mahafali ya mwaka huo yakampita.

Baadaye alipokuja ofisini mwangu, nilimuuliza mbona hakumwendea msimamizi wake. Alinijibu kwamba aliogopa kuonekana hajui Kiingereza ilhali amefika chuo kikuu. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko zile koma, kwa maana wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai.

Haya hii ina mizizi mirefu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind, Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi mtoto wa shule ya enzi ya ukoloni alivyoadhibiwa akisikika akizungumza lugha ya mama. Wengine walichapwa, wengine wakavishwa shingoni kibao cha kuwaaibisha. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka wa 1963, lakini mazoea ya kukipima kichwa cha mtu kwa Kiingereza chake yangali nasi. Kiongozi akiboronga Kiswahili jukwaani hupigiwa makofi. Mwanafunzi akiteleza katika Kiingereza huchekwa darasa zima, na pengine mwalimu naye akacheka.

Hebu tuwatazame wenye lugha wenyewe. Hakuna shirika la uchapishaji la kuheshimika, London au New York, linalochapa kitabu kabla ya mhariri kukipitia sentensi kwa sentensi. Joseph Conrad, aliyezaliwa katika familia ya Kipolandi mwaka wa 1857, alijifunza Kiingereza akiwa mtu mzima, na kazi zake za mwanzo zilipita mikononi mwa Edward Garnett, msomaji na mshauri wa waandishi. Leo Conrad huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa nathari ya Kiingereza. Kinyozi hajinyoi, na mwandishi hayaoni makosa yake yote.

Wala asituambie mtu kwamba koma ni kitu kidogo. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada kwa hoja kwamba sheria iliyowanyima malipo hayo ilikosa koma moja katika orodha ya kazi, na hivyo maana yake haikuwa wazi. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufaa iliikubali hoja yao, na mwaka wa 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Na sheria hiyo ilitungwa na wenye lugha wenyewe.

Nikiwa mwanaisimu, naongeza jambo ambalo walimu wenzangu aghalabu hulisahau: makosa mengi ya wanafunzi wetu hayatokani na ujinga. Chukua sentensi hii: "Alifika, akaketi, akafungua kitabu." Kwetu ni sentensi moja timamu, kwa kuwa kiambishi -ka- hufunga tendo kwa tendo. Mwanafunzi akiuhamisha mtindo huo, ataunganisha sentensi tatu kamili za Kiingereza kwa koma tupu. Lakini Kiingereza hakina -ka-, na koma peke yake haiwezi kuibeba kazi hiyo. Inahitaji kiunganishi, au nukta ichukue mahali pake.

Vivyo hivyo neno dogo "the" huwatatiza wengi. Hata hivyo, anayesema "Nimekisoma kitabu" badala ya "Nimesoma kitabu" huwa anamjulisha msikilizaji kwamba kitabu hicho wanakijua wote wawili. Maana inayokaribiana na hiyo, Kiingereza huibeba kwa "the". Mwanafunzi akionyeshwa hivyo, huondoka na sababu. Akipigiwa mstari mwekundu tu, huondoka na hofu.

Basi atafutaye msaada autafute vipi? Kwanza, aisome kazi yake kwa sauti, kwani sikio hukamata sentensi iliyovunjika pale ambapo jicho limepita. Pili, ampe mtu mmoja anayemwamini, amwombe atie alama penye kasoro bila kusahihisha, kisha mwandishi ajisahihishe akiwa na kamusi na kitabu cha sarufi mkononi. Tatu, akisahihishwa, aulize kwa nini. Kuuliza si ujinga.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosahihisha ukurasa mzima kwa nukta moja ya saa. Sizipingi, nami huzitumia. Lakini programu haijui kama walimu wako wote walipata mafunzo au baadhi yao tu. Hilo walijua wewe uliyeufanya utafiti. Ukikubali kila inachopendekeza bila kupima, utasimama siku moja mbele ya jopo ukiulizwa maana ya sentensi iliyo na jina lako, nawe huna la kusema.

Walimu nao wana deni. Insha iliyojaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini haimfundishi mtoto kitu. Afadhali kuchagua makosa mawili yanayojirudia, kuyaeleza hata kwa Kiswahili ikibidi, na kumtaka aandike upya. Vyuo vikuu navyo viwe na mahali palipo wazi ambapo mwanafunzi ataketi na mtu na kuipitia kazi yake bila kuchekwa, ili asilazimike kwenda vichochoroni kulipia koma asizozielewa.

Yule kijana alihitimu mwaka uliofuata. Nakala aliyoniletea kabla ya kuiwasilisha upya haikuwa na zile koma mbili, na pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: "Nimeziondoa kwa sababu si walimu wote." Ningefurahi kumwona kila mwanafunzi wetu akiweza kuandika maneno kama hayo kando ya sentensi yake.