KISWAHILI KIRUHUSIWE KATIKA SAA YA KIINGEREZA



Tunataka kusema neno moja juu ya Kiingereza. Interogasio zilirudishwa juzi, na katika kilasi chetu cha sita wengi walipata chini ya nusu. Watu wakasema: "Ni wavivu." Sisi hatukubali. Tuliangalia makaratasi yale, tukaona makosa ni yale yale, tena yanaingia kwa mlango mmoja: tunapita kwanza kwa Kifaransa.

Angalieni. Mwanafunzi anawaza "j'ai mangé hier", anaona "j'ai", basi anaandika "I have eaten yesterday". Kosa! Inatakiwa "I ate yesterday". Angewaza Kiswahili asingepotea: jana nilikula, "I ate", nimekwisha kula, "I have eaten". Vilevile kwa kukataa: sijala, "I have not eaten", jana sikula, "I did not eat". Mama zetu wanatofautisha sijala na sikula kila siku, bila kusoma gramere. Kifaransa kinaweka yote mawili katika "je n'ai pas mangé".

Halafu vile vitenzi vidogo, "can" na "must". Kwa Kifaransa "pouvoir" na "devoir" vinabadilika kwa kila mtu, ndiyo sababu tunaandika "he cans". Hapana! Ni "he can", "he must", bila "s", wala "to" nyuma yake. Mwenzetu mmoja alitaka kumwambia mgeni kwamba si lazima alipe, akaandika "you must not pay". Kumbe hiyo ni katazo: usilipe! Ilifaa "you need not pay". Usilipe na si lazima ulipe, nani kati yetu anachanganya hayo?

Hatusemi Kiswahili kinatosha kwa yote. "Naweza" yetu inabeba "can" na "may" pamoja; hapo mwalimu tu atatusaidia.

Sasa neno lenyewe. Katika shule yetu anayesema Kiswahili anaandikwa jina, na Jumamosi anafyeka majani. Anayeandika ni nani? Ni sisi makapita. Juma lililopita tulimwandika mdogo mmoja aliyemuuliza jirani yake, kwa Kiswahili, "must" maana yake nini. Alifyeka. Tangu siku ile hajauliza tena kitu. Tulitii amri, lakini roho haikutulia.

Hatuombi amri ya Kifaransa iondolewe; ni lugha ya masomo, tunaihitaji. Tunamuomba Bwana Prefe jambo moja tu: katika saa ya Kiingereza, mwanafunzi aweze kuuliza na kulinganisha kwa Kiswahili bila kuandikwa. Egzame ya Serikali inakuja, na Kiingereza kimo. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na huko Kiingereza ni lugha rasmi.

Kama tumekosea, tusahihishwe. Na yule mdogo wetu, tunamuomba msamaha hapa mbele ya wote. Aulize tena.