Bustani ya Nyumbani: Mimea ya Msitu Chini ya Kivuli

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya kutengeneza kitalu. Mvua za vuli zikifika, aliye na miche hupanda, na asiye nayo huzunguka kwa majirani kuomba. Kwa hiyo twapenda kusema habari ya mimea ambayo wachache huiotesha kwa mikono yao, nayo ni miti na majani ya msitu wetu wenyewe, yapendayo ubaridi na kivuli.

Mtu aweza kuuliza, Kuna haja gani ya kuotesha kitu cha porini? Jibu laonekana katika vilima vyetu. Tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaja kukaa Benako katika wilaya ya Ngara. Mwenye dhiki hana budi kupika, na kupika kwataka kuni, hatumlaumu mtu. Lakini vilima vilivyozunguka makambi vilibaki wazi. Wengi wa wageni wale walirudi kwao Desemba 1996, ila mti wa miaka hamsini haurudi kwa mwaka mmoja. Leo nyumba nyingi hupanda mikaratusi, misonobari na migrivea, kwa kuwa miche yake hupatikana upesi. Miti hii ina kazi yake. Lakini haiwezi kuwa msitu peke yake, na mkaratusi haufai kabisa kupandwa karibu na chemchemi, kwa sababu hunywa maji mengi.

Tena yafaa kukumbuka ua moja la nchi yetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga, aliokota mmea mdogo wenye maua ya zambarau katika Usambara, akampelekea baba yake Ulaya. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland aliutangaza kwa jina la Saintpaulia. Leo mmea huo umo madirishani mwa nyumba za nchi za baridi ulimwenguni kote, na huzalishwa kwa jani moja tu: jani hukatwa pamoja na kikonyo chake, huchomekwa katika udongo mwepesi wenye unyevu, na baada ya majuma kadhaa vitoto huchipuka chini yake. Lakini kwao, juu ya miamba ya misitu ya Tanga na Morogoro, aina zake nyingine zi karibu kutoweka, maana miti iliyoutia kivuli imekatwa. Basi tuone: kilichofaa madirishani kwa watu kimekosa mahali kwao. Yasitupate hayo katika Ngara na Biharamulo.

Sasa tuje kwenye kazi. Chagua mahali pa kitalu karibu na maji, chini ya migomba au chini ya kichanja cha nyasi, ambapo jua hupenya nusunusu. Changanya udongo mweusi wa juu, mchanga, na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mwagilia asubuhi, kwa kiasi. Maji yakizidi na hewa ikikosa nafasi, miche hushikwa na kinyausi: shina huoza penye udongo, na mche huanguka kana kwamba umekatwa kwa wembe. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza maji, kupunguza msongamano wa miche, na kuacha upepo upite.

Mbegu hazina tabia moja. Omushambya, kama Wahaya wauitavyo, una maganda marefu membamba, na mbegu zake ni nyepesi zenye mabawa. Chuma maganda kabla hayajapasuka, yakaushe kivulini, kisha tandaza mbegu juu ya udongo na kuzifunika kwa vumbi jembamba tu. Ukizifukia chini sana hazitoki. Usiziweke muda mrefu, maana nguvu yake hupungua. Mringaringa na muhumula ni wenye uvivu: mbegu zake huota kwa kuchelewa, tena si zote pamoja. Wengi hulitupa tuta wakidhani limekufa, kumbe lalala. Mwenye subira huendelea kulinyunyizia maji. Mbegu za mwamba-ngoma, zile nyekundu zenye doa jeusi, zina ganda gumu. Zikwaruze kidogo juu ya jiwe, kisha ziloweke usiku kucha. Lakini angalieni, wazazi: mbegu hizo ni sumu zikitafunwa, wala si za watoto kuchezea.

Miti mingine haihitaji mbegu. Mwamba-ngoma na omutoma, mti ule ambao magome yake wazee waliyaponda kufanya nguo, huota kwa kigingi. Kata tawi lililokomaa lenye urefu wa mtu, mwanzoni mwa mvua, ulikate mshazari ncha ya chini. Liache kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha lisimamishe shimoni na kushindilia udongo. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyofanya maua ya nyua zao kuwa hai, na boma lao likawa mti.

Kwa kangaga, majani yale yasiyochanua maua, njia nyepesi ni kugawanya shina la chini: kila kipande kiwe na mizizi na kichipukizi, nacho kipandwe mahali pasipokauka, kama kando ya mfereji wa maji ya kuogea. Na miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa yaweza kung'olewa siku ya mvua, pamoja na bonge la udongo, ikapunguzwa majani nusu na kutunzwa kitaluni hata ipone. Ila ichukuliwe shambani mwako au kwa idhini ya mwenyewe. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kung'oa mmea humo ni kuvunja sheria.

Kabla ya kupanda shambani, miche izoezwe jua. Ondoa nyasi za kichanja kidogo kidogo kwa muda wa majuma matatu au manne, na maji uyapunguze. Mche uliolelewa gizani ukitolewa juani kwa siku moja hunyauka kama mtoto wa mjini aliyepewa jembe.

Neno moja la kuonya. Si kila mti mwema hapa ni mwema pengine. Muhumula ni mwenyeji wa Kagera. Lakini ulipopelekwa Usambara ya Mashariki wakati wa ukoloni, na baadaye kupandwa kwa wingi, ulivamia msitu wa Amani. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu mbali, hata miti ya asili ikasongwa. Kwa hiyo usimpelekee rafiki wa mbali mbegu kabla ya kujua kama mti huo ni wa kwao.

Kwenu walimu, twawaomba jambo dogo. Watoto wengi hujua mkaratusi, wala hawajui jina la mti uliokuwa juu ya chemchemi ya babu yao. Kila darasa litafute mti mmoja wa asili uliosalia karibu na shule, liwaulize wazee jina lake kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, liandike mwezi wa kuzaa matunda, na kuotesha miche kumi. Mti mkongwe ukianguka kabla mbegu zake hazijaokotwa, hakuna duka liuzalo nyingine. Na nyumba yenye mche mmoja uliopona ina kitu cha kumgawia jirani mvua zijazo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari ya kufunga mboji chini ya migomba.