Usitosheke na 'ndiyo' ya yaya

Mama mmoja mkazi wa Embakasi aliniletea mwanawe wa mwaka mmoja na nusu usiku, mkononi ameshika chupa ya dawa ya homa. Asubuhi hiyo, akikimbilia matatu, alikuwa amemwachia yaya maagizo: kijiko kimoja, mara tatu. Yaya alikuwa na siku nne tu kazini. Alitoka Turkana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia watu na kununua mboga. Aliitikia, "Ndiyo, mama." Kisha akachukua kijiko cha mezani, akamnywesha mtoto vijiko vitatu papo hapo.

Kijiko cha chai ni mililita 5. Cha mezani ni 15. Katika chupa mpya ya mililita 60 zilikuwa zimebaki 15. Mtoto alikuwa amekunywa dawa ya siku tatu kwa mkupuo mmoja.

Alionekana mzima, akivuta mpira wa chombo changu cha kupimia moyo. Hiyo ndiyo hila ya paracetamol. Ikizidi hudhuru ini, na mgonjwa anaweza kuonekana hana neno siku ya kwanza ilhali ini laumia. Nilimpeleka hospitali apimwe damu. Kwa bahati, ini lilikuwa salama.

Mama alitaka kumfuta yaya usiku ule ule. Nilimwuliza alimjaribu vipi alipomwajiri. Akanijibu, "Nilimwuliza kama anajua Kiswahili, akasema ndiyo."

Kwa maoni yangu, kosa ni letu sisi waajiri. Msichana aliyetoka mbali kutafuta kazi, na wazazi wake wanangoja mshahara wa kwanza, atajibu nini kingine? Isitoshe, wengi wamelelewa wakijua kwamba kumwambia mkubwa arudie maneno ni utovu wa adabu.

Sisemi kila mtu atafute yaya wa kabila lake. Nimeona mayaya wasiojua lugha ya nyumba wakilea watoto vizuri kuliko jamaa wa damu. Wala usihofu kwamba lugha yake itamchelewesha mtoto kusema. Mtoto mdogo humudu lugha mbili bila taabu. Ninalosema ni kwamba yaya apimwe kwa vitendo.

Kabla hujamkubali, mpe chupa yenye maji na kipimo, akuonyeshe atakavyompa mtoto dawa. Mpe pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, aichanganye mbele yako. Akitia maji machache kuliko yaliyoandikwa, chumvi huzidi, nayo inaweza kumdhuru mtoto. Atakayekwambia "sijaelewa, nionyeshe tena" ndiye wa kuajiri, hata kama Kiswahili chake ni cha kubabaisha. Mimi namwogopa zaidi yule mwenye maneno ya kuteleza asiyeuliza lolote.

Yako mambo manne ambayo lazima ayajue kwa lugha yoyote ile: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupata degedege, na kulegea asiamke. Likitokea mojawapo, akupigie simu mara moja, asingoje jioni. Mtafute jirani au mlinzi wa ploti anayejua lugha yake ayafasiri, na namba ya mtu huyo iwe kwenye simu yako na ya yaya. Jioni naye akuonyeshe nepi na chakula kilichobaki badala ya kusimulia tu. Ukimwuliza kama mtoto "anaendesha", wewe wa mjini una maana ya kuhara. Mgeni wa lugha atashangaa ni gari gani.

Uko ukuta mwingine ambao wazazi wa mjini tunaujenga wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu amefundishwa Kiingereza peke yake. Sikio likimwuma saa nne asubuhi, atamweleza yaya vipi? Nimetibu masikio yanayotoka usaha, ya watoto waliolalamika siku mbili kwa Kiingereza mbele ya mtu asiyekijua.

Yaya wa Embakasi bado yuko kazini. Mama alinunua bomba dogo la plastiki la kunyweshea dawa, akalitia alama ya rangi ya kucha penye mililita 5. Mwezi uliopita walikuja pamoja. Nilipoandika dawa, yaya ndiye aliyelitoa bomba mkobani, akaweka kidole kwenye alama, akaniuliza, "Hapa?"