Chakula cha Jioni Hakipimwi kwa Magunia

Kila baada ya mavuno, hali ya chakula ya wilaya huelezwa kwa tani za nafaka. Magunia yakiwa mengi, wilaya huandikwa kuwa imejitosheleza. Yakipungua, huandikwa kuwa ina upungufu. Kipimo hiki kina kazi yake, kwani penye ghala tupu hapana mlo wowote. Lakini hakijibu swali ambalo kila mpishi hana budi kulijibu jua linapotua: usiku huu ugali utaliwa na nini? Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, swali hilo lina uzito mkubwa katika afya ya watoto kuliko idadi ya magunia, na ni haki wataalamu wa kilimo na wa lishe waanze kulihesabu.

Mlo wa usiku wa kawaida

Katika nyumba nyingi za wilaya hizi mbili mlo mkubwa huliwa jioni, kazi za shamba na za zizi zikiisha. Mlo huo ni ugali. Unga wake siku hizi ni wa mahindi. Zamani ulikuwa zaidi wa mtama na ulezi, na hadi leo wako wapishi wanaochanganya nafaka hizo. Kando ya ugali huwekwa mboga, na neno hili lichukuliwe hapa kwa maana yake pana ya Kiswahili cha Tanzania, yaani chochote kinachoshushia ugali: maharage, majani ya kunde au ya maboga, mchicha, mnavu, kabichi, maziwa freshi au ya mgando, na mara chache dagaa au samaki wa Ziwa Basotu. Nyama ni ya sikukuu, ya mgeni au ya siku ya mnada. Siku nyingine hupikwa makande, mahindi na maharage katika chungu kimoja. Kwa Wabarabaig wa nyanda za Hanang, maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula chenyewe, na nafaka ikafuata nyuma.

Mapishi haya hayakutungwa katika maabara, lakini maabara haina sababu ya kuyadharau. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina protini ya gramu 8 au 9 hivi. Kiasi hicho si kidogo, ila protini yenyewe ina kasoro: imepungukiwa na laisini na triptofani, ambazo ni asidi amino mbili ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Maharage makavu yana protini zaidi ya gramu 20 katika gramu 100, na yana laisini kwa wingi. Yakiliwa pamoja na mahindi, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Aliyepika makande kwa mara ya kwanza hakuijua laisini kwa jina, lakini aliipika.

Maziwa hufanya kazi ambayo hata maharage hayaiwezi. Kikombe cha robo lita cha maziwa ya ng'ombe kina protini ya gramu 8 hivi na kalsiamu ya miligramu 300 hivi, ilhali kalsiamu iliyomo katika gramu 100 za unga wa mahindi haifiki miligramu 10. Maziwa yana pia vitamini B12, ambayo haimo kabisa katika mahindi, maharage wala mchicha. Kwa mtu mzima pengo hili laweza kuvumilika kwa muda. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu haliko hivyo: tumbo lake ni dogo, hujaa kwa matonge machache, na matonge hayo yakiwa ya mahindi matupu mtoto hulala ameshiba huku mwili wake ukiwa bado una njaa.

Mahindi ni mgeni, maziwa ni mwenyeji

Wako wanaodhani kwamba kula maziwa kwa ugali ni dalili ya umaskini, au ni mazoea ya watu ambao maendeleo hayajawafikia. Ushahidi wa kisayansi wasema vingine. Huko Luxmanda, katika uwanda wa juu wa Mbulu, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua makazi ya wafugaji walioishi hapo miaka 3,000 hivi iliyopita. Mwaka 2020 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya mafuta yaliyonaswa katika vigae 125 vya vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania. Vigae hivyo vilitoa ushahidi wa upishi wa maziwa, nyama na mimea.

Miili ya watu nayo imeihifadhi historia hiyo. Wanyama wengi wanyonyeshao, na binadamu wengi pia, hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa baada ya utoto. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilitoa taarifa ya badiliko la kurithi lililoenea miongoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya, ambalo humwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila kuumwa tumbo. Umri wa badiliko hilo ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800. Asiye na urithi huo naye ana njia: maziwa yakigandishwa, vijidudu hula sehemu ya sukari hiyo kabla ya mnywaji.

Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika katika karne chache tu zilizopita. Mgeni huyu ana sifa zake: hutoa mavuno mengi, na gunzi lake limefunikwa kwa maganda, hivyo ndege hawaliharibu kama wanavyouharibu mtama. Hakuna anayetaka afukuzwe. Tatizo huanza pale mgeni anapoachiwa chungu chote.

Hatari ya kutegemea nafaka moja haiishii katika laisini. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu zisizoonekana kwa macho, zikiwemo aflatoksini na fumonisini. Mwaka 2016 sumu ya aflatoksini iliwapata watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 walitambuliwa, na 20 kati yao walifariki. Anayekula mahindi mchana na usiku, mwaka mzima, hana siku ya kupumzika na sumu hizo iwapo ghala lake limeingia unyevu.

Ngano ya Hanang

Ubaya wa kupima chakula kwa magunia peke yake haukuonekana wazi mahali pengi kama ulivyoonekana Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu. Chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) mashamba hayo yalifikia saba, na eneo lake lilikuwa karibu ekari 100,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilifanya kazi yake, na ngano ilisafirishwa kwenda kusagwa ili miji ipate mkate. Taifa lililokuwa likitumia fedha za kigeni kununua ngano lilikuwa na sababu nzuri ya kuyataka mashamba hayo.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa sehemu ya malisho bora ya Wabarabaig, ambao walihamisha mifugo yao kwa kufuata majira. Wanakijiji wa Mulbadaw walilipeleka shauri lao mahakamani. Wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Sheria iliona mipaka ya shamba na hati zake. Hesabu za kilimo ziliona tani za ngano. Hapakuwa na daftari lililoandika ni vibuyu vingapi vya maziwa vilivyokosekana jioni katika nyumba za wafugaji, ng'ombe waliposukumwa kwenye malisho duni. Msaada wa Kanada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na baadaye mashamba yakatoka mikononi mwa NAFCO. Fundisho lake lingali na maana: ongezeko la chakula katika takwimu za taifa laweza kwenda sambamba na upungufu wa chakula katika sufuria za wilaya ile ile.

Watoto wa Haydom

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imewahudumia wakazi wa eneo hilo tangu miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane, katika nchi nane za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, vilivyowafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kuchunguza uhusiano wa lishe, maradhi ya matumbo na ukuaji. Matokeo ya Haydom hayakuwa ya kufurahisha: zaidi ya nusu ya watoto waliofuatiliwa walikuwa wamedumaa walipofikia umri wa miaka miwili. Mtoto aliyedumaa si mfupi wa kimo tu. Yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua, na ya kubaki nyuma katika masomo.

Baada ya hapo ulifanywa utafiti mwingine hapo hapo Haydom, ambapo watoto walipewa dawa za kuua vijidudu vya matumbo, na wengine wakapewa aina ya vitamini B3. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba matibabu hayo hayakuwaongezea watoto kimo. Huo haukuwa utafiti ulioshindwa. Utafiti unaofunga njia isiyofika una faida sawa na ule unaofungua njia mpya, na umeonyesha kwamba hakuna kidonge cha mkato.

Hoja za wanaopinga

Atatokea msomaji atakayesema kwamba dawa ya haya yote ni elimu: akina mama wafundishwe mlo kamili. Elimu ya lishe ina heshima yake nchini. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilifika vijijini kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza. Hata hivyo mpishi wa Dongobesh au wa Katesh anajua kwamba maharage na maziwa ni bora kuliko ugali mkavu. Anachokosa ni mboga yenyewe katika kiangazi, wakati majani yamekauka, ng'ombe wamekata maziwa, na maharage yaliyosalia yanangoja kuuzwa ili ilipwe ada ya shule. Kumwambia mtu huyo ale mlo kamili ni kumsomea orodha ya vitu asivyo navyo.

Mwingine atasema kwamba mboga peke yake haitaondoa udumavu, na hapo atakuwa amesema kweli. Maji machafu, malaria, mimba za mfululizo na kazi nyingi za mama vina sehemu yake. Lakini ukweli huo haupunguzi haja ya mboga. Mwili hauwezi kujenga mfupa kwa kalsiamu ambayo haukupewa.

Yanayopasa kutendwa

La kwanza ni kuhesabu. Maofisa wanaokusanya takwimu za mavuno waulize pia, katika kila msimu, kaya ilikula nini jioni iliyopita na mboga ilitoka wapi. Swali hilo halihitaji chombo cha gharama, na majibu ya Agosti yakilinganishwa na ya Aprili yataonyesha njaa ambayo magunia huificha.

La pili ni kuitazama mboga kama zao. Majani ya kunde na mnavu yanastahili utafiti wa mbegu, wa ukaushaji na wa hifadhi kama yanavyoupata mahindi. Yakikaushwa kivulini badala ya juani huhifadhi zaidi vitamini A yake, na yakipikwa kwa mafuta kidogo mwili huipokea vizuri zaidi.

La tatu ni maziwa ya maskini. Wairaqw wana desturi ya kukopeshana ng'ombe: mwenye kundi kubwa humpa jirani mnyama amtunze, na mtunzaji hupata maziwa na samadi. Kwa desturi hiyo maziwa yaliingia katika nyumba isiyo na ng'ombe wake. Mipango ya kukopa ng'ombe na kulipa mtamba ingefanya vyema kujengwa juu ya desturi kama hiyo. Malisho nayo yapimwe na kulindwa kama ardhi inayozalisha chakula, kwa kuwa ndivyo yalivyo.

La nne liko mikononi mwa kila kaya: unga wa dona badala ya sembe, kwani mashine ya kukoboa huondoa kiini pamoja na sehemu kubwa ya mafuta, vitamini na chuma, mahindi yakaushwe vyema kabla ya kuingia ghalani, na maziwa yakiwa machache, mtoto apewe kabla ya chai ya wakubwa.

Tani za nafaka zitaendelea kuandikwa, na ni vyema ziandikwe. Lakini wilaya isihesabiwe kuwa imejitosheleza kwa chakula hadi ijulikane kwamba mtoto wake wa miaka miwili, katika jioni isiyo ya sikukuu na mwezi usio wa mavuno, ana kitu cha kulia ugali.