AFYA YA FAMILIA: Umeme ukikatika, mzee atapumuaje?

Familia moja imetuletea swali la mzee wao wa Kinindo, Bujumbura. Akilala anakoroma, pumzi inasimama, halafu anashtuka. Anayo mashine ya kusukuma hewa puani, ile ambayo Dakta Colin Sullivan wa Australia aliitangaza mwaka 1981. Lakini umeme ukikatika, nayo inazima, na mama anakesha akisikiliza kama mzee bado anapumua.

Tuelewe kwanza: usingizini nyama za koo hulegea, zikaziba njia ya hewa. Mashine huifungua wakati inafanya kazi tu, haiponyeshi.

Basi siku ya giza avue barakoa yake, maana hewa safi haiingii vizuri. Alale ubavu, si chali. Mshonee mpira mdogo mgongoni mwa shati, akijigeuza umsumbue. Inueni kichwa cha kitanda kwa matofali. Pombe aache, na dawa za usingizi asinywe bila daktari. Kama ni mnene, kupungua kunasaidia. Amuulize daktari pia habari ya betri, au kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele.

Umeme ukirudi, arudie mashine, kwa sababu ugonjwa huu hupandisha presha. Na akiwa anasinzia mchana, jamani, asiendeshe gari wala pikipiki.

Tuonane mwezi ujao.